MV Mwanza: Kinachoagizwa Ng'ambo na Kinachobaki Kujengwa Igogo

Kila taarifa mpya inapotolewa kuhusu MV Mwanza Hapa Kazi Tu, meli iliyojengwa katika Bandari ya Mwanza Kusini, eneo la Igogo jijini Mwanza, wananchi huuliza jambo moja: kwa nini Serikali haikununua meli iliyokamilika, kama inavyonunua ndege au kichwa cha treni, badala ya kuingia mkataba na kampuni ya nje kisha meli ikajengwa ufukweni kwa miaka? Swali hilo ni la haki. Ratiba ya awali ya ujenzi ilikuwa miezi 24, mkataba ulisainiwa Septemba 2018, na meli iliingizwa majini Februari 12, 2023, yaani zaidi ya miaka minne baadaye. Jibu linaanzia kwenye kuelewa ni kitu gani hasa kinachoagizwa pale nchi inapohitaji chombo cha chuma chenye uzito wa tani 3,500 katika ziwa ambalo hakuna meli inayoweza kulifikia kutoka baharini.

Ziwa Victoria lipo zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Mto pekee unaotoka ndani yake ni Nile, na mto huo umejaa maporomoko na mabwawa tangu unapoanzia Jinja, Uganda. Kwa hiyo meli yenye urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17 haiwezi kufika Mwanza kwa maji wala kwa nchi kavu ikiwa nzima. Barabara nazo zina mipaka yake. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, gari lenye ekseli saba haliruhusiwi kuzidi tani 56 pamoja na mzigo wake, na mzigo unaozidi vipimo vya kawaida husafiri kwa kibali maalumu. Ukubwa wa kila kipande cha meli ya ziwani huamuliwa na barabara, madaraja na reli za kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kabla haujaamuliwa na mchoraji wa meli.

Hali hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Meli ya mvuke William Mackinnon iliyotengenezwa Scotland katika miaka ya 1890 ilifika Mombasa ikiwa vipande wakati reli ya Uganda ilikuwa bado haijafika ziwani, na sehemu ya vipande hivyo ikabebwa na wapagazi hadi Kisumu, ambako meli iliingizwa majini mwaka 1900. Katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo leo inafahamika kama MV Liemba ilijengwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani. Iliunganishwa kwanza kiwandani kwa majaribio, ikafunguliwa, ikafungwa katika masanduku takriban 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Iliingia majini Februari 1915. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba kiwanda hakikutuma masanduku peke yake. Kilituma pia mafundi watatu walioifahamu meli hiyo tangu ikiwa karatasi, nao ndio waliosimamia kuunganishwa kwake upya. MV Victoria, iliyotengenezwa na kiwanda cha Yarrow cha Glasgow na kuanza kazi mwaka 1961, nayo ilisafiri ikiwa vipande na kuunganishwa Kisumu.

Tofauti ya MV Mwanza ni kwamba haikuletwa kama vipande vilivyokwisha kukatwa na kujaribiwa kiwandani, kisha kufungwa upya kwa skrubu na ribiti. Meli za sasa huchomelewa. Mabamba ya chuma, mitambo na vifaa vililetwa kutoka nje, na kazi ya kukata, kukunja na kuchomelea mabamba hayo kuwa meli ikafanyika Igogo. Mkandarasi wa meli ni Gas Entec ya Korea Kusini, ikishirikiana na KangNam ya nchi hiyo pamoja na SUMA JKT kwa upande wa Tanzania. Mteja ni Kampuni ya Huduma za Meli (MSCL), ambayo sasa ni Kampuni ya Meli Tanzania (TASHICO). Mkataba wa pili, uliotolewa kwa kampuni za STX Engine na Saekyung, pia za Korea Kusini, ulihusu chelezo chenye uwezo wa kubeba meli ya tani 4,000. Mikataba mingine miwili ilihusu ukarabati wa MV Victoria na MV Butiama. Thamani ya mikataba yote minne iliposainiwa ilikuwa takriban shilingi bilioni 152, fedha za Serikali yenyewe.

Mpangilio huo unahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo sehemu kubwa ya maelezo ya ucheleweshaji. Chelezo ndicho kitanda ambacho meli hukalia inapojengwa na njia ambayo hupitia kuingia majini. Kwa kuwa hapakuwa na chelezo cha ukubwa huo Mwanza, nchi ililazimika kuagiza kwa wakati mmoja bidhaa na sehemu ya kiwanda cha kuitengenezea bidhaa hiyo. Kazi mbili zikitegemeana namna hii, kuchelewa kwa moja huisubirisha nyingine, na wakandarasi wawili tofauti hawawezi kulaumiana bila mteja kuingia katikati. Kwa mtazamo wa kimkataba, huo ni mzigo mkubwa kuliko kununua chombo kimoja kutoka kwa muuzaji mmoja, na ratiba ya miezi 24 ilikuwa na nafasi ndogo sana ya kuubeba.

Kisha zikaja sababu za nje. Mwaka 2020 safari za kimataifa zilifungwa kwa miezi kadhaa kutokana na UVIKO-19, na kazi inayotegemea wataalamu wa kigeni kufika ufukweni haiwezi kuendelea kwa simu. Mwaka uliofuata bei ya chuma duniani ilipanda kwa kiwango kikubwa. Thamani ya fedha nayo ilibadilika: dola moja ya Marekani iliyokuwa takriban shilingi 2,280 wakati mikataba inasainiwa ilikuwa imepita shilingi 2,600 kufikia katikati ya mwaka 2024. Mradi unaotajwa kwa shilingi mbele ya wananchi hubeba ndani yake injini, pampu, nyaya na vifaa vya uokoaji vinavyouzwa kwa dola au fedha nyingine za kigeni. Gharama inapopanda katikati ya mradi, si lazima iwe dalili ya ubadhirifu. Hata hivyo, si lazima pia iwe ya kusameheka, na namna ya kutofautisha hayo mawili ni kutazama mkataba ulimpa nani jukumu la kubeba hatari hiyo.

Hapo ndipo uagizaji wa kazi kubwa za chuma unapotofautiana na ununuzi wa kawaida. Mnunuzi wa gari huchagua kilichopo, akakikagua na kulipa. Mnunuzi wa meli, tangi kubwa la mafuta, au fremu ya daraja hulipia kitu ambacho hakipo. Kwa miezi mingi kinachobadilishana mikono ni michoro. Mteja huidhinisha michoro ya mpangilio wa jumla, kisha michoro ya viungo vya chuma, kisha ya mabomba na umeme, na kila anapotia saini huwa amefunga mlango wa mabadiliko ya bure. Kuongeza vyumba vya abiria kwenye karatasi huhitaji kalamu. Kuviongeza baada ya mabamba kukatwa huhitaji chuma kipya, hesabu mpya za uzito na madai mapya ya malipo. Kwa sababu hiyo ucheleweshaji wa miezi michache katika hatua ya michoro, ambao kwa mwananchi huonekana kama uzembe, mara nyingi ni fedha iliyookolewa.

Malipo nayo hufuata hatua. Mkandarasi hupewa malipo ya awali ili aweze kuagiza chuma na mitambo, naye huweka dhamana ya benki yenye thamani ya malipo hayo. Huweka pia dhamana ya utekelezaji, ambayo mteja anaweza kuidai iwapo kazi itatelekezwa. Malipo yanayofuata hutolewa kwa kadiri hatua zinavyothibitishwa na mhandisi anayesimamia kwa niaba ya mteja, na sehemu fulani huzuiliwa hadi kipindi cha uangalizi wa kasoro kiishe. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, imehamishia michakato ya zabuni kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, hatua inayorahisisha kufuatilia nani aliomba, nani alishinda na kwa bei gani. Lakini mfumo huo hauwezi kugonga bamba kwa nyundo. Ubora wa chuma chenyewe bado unategemea mtu aliyesimama kiwandani na mwingine aliyesimama Igogo.

Chuma cha meli si chuma cha nondo. Mabamba yake hutengenezwa kwa mchanganyiko maalumu wa madini na hupimwa uwezo wa kuvutwa, kukunjwa na kuhimili mshtuko. Kila fungu la mabamba huja na cheti cha kiwanda kilicholiyeyusha, chenye namba ambayo lazima ilingane na namba iliyogongwa kwenye bamba lenyewe. Tanzania ina viwanda vya nondo na mabati, na ina hazina ya madini ya chuma ya Liganga wilayani Ludewa, lakini haina kiwanda kinachozalisha mabamba ya daraja la meli. Bamba lisilo na cheti, au lenye cheti kisicholingana na namba yake, likishachomelewa katika ganda la meli haliwezi kutambuliwa tena kwa macho. Ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa ni wa gharama, na kuna nyakati huonekana kama safari za viongozi kwenda nje, lakini kukataa bamba likiwa Korea Kusini ni rahisi kuliko kulikata kutoka kwenye meli iliyosimama Mwanza.

Uchomeleaji una masharti yake pia. Fundi anaweza kuwa na uzoefu wa miaka 20 wa kuchomelea milango na matela Igogo au Mabatini na bado asiruhusiwe kugusa ganda la meli hadi afanye jaribio la mkao husika, iwe kwa kulala chini, kwa wima au juu ya kichwa, na kipande alichochomelea kikatwe na kuvunjwa mbele ya mkaguzi. Viungo muhimu hupigwa picha za eksirei au kupimwa kwa mawimbi ya sauti ili kuona matundu yaliyojificha ndani. Kiungo kinachofeli hukwanguliwa na kuchomelewa upya. Kazi hiyo haionekani katika picha za habari, na haiongezi asilimia yoyote ya maendeleo ya mradi. Wakati mwingine huipunguza.

Suala la asilimia linastahili maneno ya wazi. Taarifa nyingi za miradi hutaja kiwango cha utekelezaji kwa asilimia, na wananchi huzichukua kama umbali uliobaki kufika. Katika meli haziko hivyo. Kazi ya chuma huenda haraka na huonekana kwa mbali. Ganda likishasimama, mradi huonekana kama umekaribia mwisho. Kinachofuata ni mabomba, nyaya, mitambo ya kupoza hewa, majiko, vyoo, vizimamoto, vyombo vya kuongozea na vya mawasiliano, kazi ambazo hufanywa na mafundi wachache katika nafasi finyu, kila mmoja akimsubiri mwenzake atoke. Kuingizwa kwa meli majini, tukio lenye hotuba na ngoma, ni hatua ya katikati. Baada yake hufuata majaribio ya mitambo meli ikiwa imefungwa gatini, kisha majaribio ya ziwani ya mwendo, breki na usukani. Taarifa ingemsaidia mwananchi zaidi kama ingesema ni hatua ipi imekaguliwa na kukubaliwa, badala ya kutaja namba peke yake.

Jaribio moja lina uzito wa pekee kwa watu wa Kanda ya Ziwa, nalo ni la uthabiti. Meli huwekwa kwenye maji yaliyotulia, uzito unaojulikana husogezwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kiwango cha kuinama hupimwa. Kutokana na vipimo hivyo wahandisi hukokotoa mahali ulipo uzito wa meli kwa kweli, si pale ambapo michoro ilisema ungekuwa. Mei 21, 1996, MV Bukoba, meli iliyotengenezwa Ubelgiji na yenye uwezo wa abiria 430, ilizama ikiwa karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Ilikuwa imejaza abiria kupita uwezo wake, na masuala ya uthabiti wake yalikuwa yakijulikana kabla ya siku hiyo. Septemba 20, 2018, wiki chache tu baada ya mikataba minne ya Mwanza Kusini kusainiwa, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Familia zilizozika ndugu kutokana na ajali hizo bado zinaishi Ukerewe, Bukoba na Mwanza. Kwao, haraka ya kuanza safari haina maana iwapo karatasi ya uthabiti haijakamilika, na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, halina sababu ya kutoa cheti kwa shinikizo la tarehe.

MV Mwanza imeundwa kubeba abiria 1,200, tani 400 za mizigo, magari madogo 20 na makubwa matatu. Uwezo huo, ukitumika kikamilifu, utagusa moja kwa moja mfanyabiashara wa ndizi wa Bukoba na msafirishaji wa saruji wa Mwanza. Lakini wapo wanaohoji kama uwezo wenyewe wa kujenga haungetafutwa nyumbani. Hoja hiyo ina msingi. Kampuni ya Songoro Marine ya Mwanza imejenga vivuko kadhaa vya Serikali, kikiwemo MV Ukara II kilichochukua nafasi ya MV Nyerere, na nchini Kenya meli ya mizigo MV Uhuru II ilijengwa katika karakana ya Kisumu kwa ushirikiano na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Kivuko hata hivyo si meli ya mita 92 yenye vyumba vya kulala, na hatua kutoka kimoja kwenda kingine ni ndefu. Njia ya Igogo, ya kumleta mtengenezaji hadi ufukweni na kumchanganya na mafundi wa ndani, ilikuwa ghali na ya polepole, lakini imeacha kitu ambacho ununuzi wa vipande vilivyokamilika usingekiacha. Vijana waliopita majaribio ya uchomeleaji wa ganda la meli wapo, na chelezo kipo.

Swali ambalo halijapewa nafasi ya kutosha katika taarifa ni la michoro. Meli hutumika kwa miongo. MV Victoria ilikuwa na zaidi ya nusu karne ilipokarabatiwa na kurejea kazini mwaka 2020, wakati Yarrow ilikwisha acha kuwa kiwanda kinachojitegemea miaka mingi nyuma. Atakayebadilisha bamba lililoliwa na kutu mwaka 2045 hatakuwa na mtu wa kumpigia simu Busan au Seoul. Atahitaji michoro ya meli kama ilivyojengwa, si kama ilivyopangwa, orodha ya daraja la kila bamba, kumbukumbu za viungo vilivyopimwa, pamoja na haki ya kisheria ya kuvitumia bila kuomba ruhusa kwa mtengenezaji. Nyaraka hizo hukabidhiwa mwishoni mwa mkataba, wakati kila mtu amechoka na anataka meli iondoke. Ni rahisi kuzipokea zikiwa pungufu.

Kanuni za kimataifa zinataka meli za abiria zinazosafiri baharini kati ya nchi zitolewe nje ya maji na kukaguliwa sehemu ya chini angalau mara mbili katika kila miaka mitano. Maji ya ziwa ni matamu na huitafuna meli polepole kuliko chumvi, lakini mahitaji ya ukaguzi hayaondoki. Meli ya tani 3,500 itapandishwa tena kwenye chelezo kilekile cha tani 4,000, safari hii bila mkandarasi wa kigeni, na kazi ya kwanza ya wahandisi wa TASHICO siku hiyo itakuwa kufungua michoro na kutafuta mahali magogo ya kuikalisha yanapotakiwa kukaa.